Jeometre na Njia ya Maji

Sikumbuki hata siku moja Jeometre akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Mama alimwekea kiti sebuleni, naye alikaa kwa heshima, akanywa mafunda mawili, kisha akainuka na kikombe mkononi kwenda dirishani kutazama mlima. Aliporudi chai ilikuwa imepoa. Mama akamimina nyingine, naye akasimama tena. Papa, baba yangu, alikuwa akisema kwamba viti vya nyumba yetu havimjui mtu huyu.

Jina lake limeandikwa chini ya hati za viwanja vyetu vyote, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Jeometre kwa sababu alikuwa mpima viwanja wa serikali, na kwa sababu kwetu hapakuwa na mwingine. Watoto walidhani hilo ndilo jina alilobatizwa.

Mtaa wetu uko kando ya Ziwa Kivu, baada ya rasi za mwisho za Ibanda, pale ambapo lami ilikuwa ikiishia na mtu akaendelea kwa miguu. Zamani lilikuwa shamba la kwinini. Mwenye shamba aliondoka, miti ikakatwa kuni, kilima kikabaki na visiki na nyasi mpaka majini. Ofisi ilipoamua kugawa viwanja, ilimtuma Jeometre, kijana bado, amevaa viatu vyeusi vya kung'aa. Watu wakapaita Lotisema, kutokana na neno la Kifaransa la kugawa viwanja. Mtaa ulipewa baadaye jina rasmi, nalo halikushika.

Papa, aliyekuwa karani wa shule mjini, alikuwa miongoni mwa familia sita za kwanza. Alinisimulia mara nyingi jinsi kazi ile ilivyoanza. Jeometre alifika masika yakiwa yamekolea, na kwa muda wa mwezi mzima hakupima kitu. Mvua ikianza tu, alitoka na koti la mpira, akasimama kilimani akitazama maji yanavyoteremka. Ikikoma alishuka, akaenda kuosha viatu ziwani. Wale sita walikuwa wamelala chini ya mahema wakingoja viwanja, wana watoto wenye kikohozi, na walianza kunung'unika kwamba serikali imewaletea kichaa. Ofisi ilimwandikia ikitaka ramani. Alijibu kwamba anahitaji mvua tatu zaidi.

Kisha akapima kilima chote kwa wiki mbili. Ramani ilipotoka, viwanja vilikuwa vimejipanga pande mbili, na katikati, kuanzia kileleni mpaka ziwani, palikuwa na ukanda mweupe usio na namba, upana wa hatua kumi na mbili. Ulipita sambamba na ua wetu. Papa alimuuliza ukanda ule ni wa nani.

"Ya maji," akasema Jeometre. "Ile haina mwenyewe mwingine."

Alikuwa na maneno machache ya aina hiyo, na aliyarudia mpaka tukayaiga kwa kumcheka. Ukimwonyesha nyumba mpya, hata kama ina vigae na veranda, aliuliza swali moja tu: maji itapitia wapi? Kwenye harusi ya binamu yangu walimpa nafasi awape maarusi mawaidha. Aliwaambia wachimbe mfereji nyuma ya nyumba kabla ya kununua kitanda, akarudisha kipaza sauti. Watu walicheka mpaka machozi. Maarusi walichimba, na nyumba yao ingali imesimama.

Hata na padri aligombana. Kanisa dogo la mtaa lilipoanza kujengwa, Jeometre alikwenda kumshauri padri alisogeze hatua saba upande wa kushoto. Padri, ambaye alikuwa amekwisha bariki jiwe la msingi, alimjibu kwamba Mungu haishi kwa hatua. Mwaka wa pili ukuta wa nyuma ulipata ufa ambao ungeweza kupitisha mkono. Tangu hapo Jeometre alisali nje, amesimama nyuma ya kanisa mbele ya ule ufa, rozari mkononi, kila Dominika. Hakusema hata mara moja kwamba alionya. Papa alimwambia kwamba kusimama pale ni kusema kwa sauti kubwa zaidi. Alijibu kwamba ndani hapamtoshi, anasikia joto.

Mtu aliyegawa kilima kizima hakuwa na kiwanja. Alipanga vyumba viwili kwa huyu, kimoja kwa yule, na baada ya mwaka alihama. Mimi peke yangu namkumbuka katika nyumba saba za mtaa wetu. Ofisi ilimpa nafasi ya kuchagua mapema, mahali pazuri penye ufuko, naye akamwandikishia mwalimu mmoja aliyestaafu. Papa alipomuuliza sababu, alisema kwamba mpimaji akiwa na parseli, kiwanja chake mwenyewe, macho inaanza kupinda. Hakuoa. Wengine walisema aliwahi kuchumbia msichana wa Kabare na mashauri yakaharibika kwa sababu alikosoa mahali pa boma la mkwe. Sijui kama ni kweli, lakini hakuna mtu katika mtaa wetu aliyeona vigumu kuamini.

Viatu vyake ndivyo vilivyokuwa fahari yake. Alitembea kwenye matope kutwa, lakini hakuingia nyumba ya mtu kabla hajashuka ziwani kuviosha na kuvifuta kwa kitambaa alichobeba mfukoni. Mama alimsihi aingie hivyo hivyo, sakafu ni ya saruji, itafagiliwa. Alikataa. Nilikuwa na miaka minane au tisa nilipogundua kwamba alikuwa akienda kule chini pia kuangalia jinsi maji ya ukanda yanavyoingia ziwani, kama ni mekundu au meupe. Yakiwa mekundu alipanda tena kilima chote kutafuta aliyelima mahali pasipofaa.

Na mtaa ulikua. Kutoka familia sita tukawa arobaini. Bomba la kwanza likafika, wanawake wakaacha kuchota ziwani, kisha bomba likakauka, wakarudi. Umeme ulikuja siku ya Pasaka na kukatika Jumatatu. Mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi ilianza kutia nanga kwetu, ikileta mananasi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na soko likazaliwa lenyewe juu ya mchanga. Halafu vita vikaja vijijini, watu wakaingia mjini na magodoro vichwani, na kila mwenye ua akawa na ndugu ndani ya ua. Baadaye tena wakaja wenye pesa, wakajenga nyumba za ghorofa ufukoni ili kuzipangisha kwa watu wa mashirika. Kuta zikapanda. Sisi tuliokuwa tukiona ziwa kutoka jikoni tukawa tunaona ukuta.

Katika msongamano huo, ukanda mweupe ulikuwa kama mkate mezani. Kila mtu aliutamani. Jeometre alipita pale kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Akikuta maharage yamepandwa, aliyang'oa kwa mkono na kuyarundika vizuri pembeni ili mwenyewe aje kuyachukua. Alikataa maombi ya mfanyabiashara mmoja wa mbao aliyemjia na mbuzi. Alimkataa ofisa mmoja aliyekuja na walinzi.

Alimkataa hata Papa. Kaka yangu alikuwa anataka kuoa, na Papa aliomba hatua tatu tu za ukanda, upande wa ua wetu, amjengee vyumba viwili. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikichambua mboga, na nilisikia yote. Papa hakupaza sauti. Alimkumbusha yale mahema, vile vikohozi, sahani walizokula pamoja. Jeometre alisimama dirishani, kikombe mkononi, akisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi. Papa akamwambia basi asirudi kunywa chai ya mke wake. Hawakusemezana kwa miaka sita. Wakikutana njiani kila mmoja alitazama upande wake, na sisi watoto tuliambiwa tumsalimie, ila tusimkaribishe.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka bondeni, upande wa Luvungi. Mume wake alikuwa ameuawa, na shamba lao la mpunga lilibaki kwa watu wasiojulikana. Alikuwa na watoto wanne, na mkubwa aliitwa Nabintu, kwa hiyo tukamwita Mama Nabintu. Walilala chini ya upenu wa kanisa, upande wa nyuma, mbele ya ule ufa. Kila Dominika Jeometre alipofika kusali alikuta masufuria yao mahali pake pa kusimamia. Aliyaruka kwa uangalifu, akasali. Dominika ya nne au ya tano hakusali. Alitoa daftari lake, akamwita yule mama, wakashuka pamoja mpaka mwisho wa ukanda, karibu na ziwa, akampimia mahali pa nyumba ndogo. Wiki ile ile alimpa karatasi yenye namba.

Papa aliona kila kitu kutoka kwenye ua wetu. Alirudi ndani, akaketi, na alisema neno moja tu: kumbe.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Mtu aliyemkataa rafiki yake, na aliyemkataa mwenye bunduki, alikubali mwenyewe bila kuombwa. Mama Nabintu hakumwomba kitu. Hakujua hata kama ukanda upo. Aliona mahali patupu, akaona mtu wa serikali anamwandikia, akapiga magoti. Tangu hapo, kila Ijumaa aliponunua sambaza za kuuza sokoni, alitenga fungu moja, akampelekea Jeometre popote alipokuwa amehamia. Alimwambia kila mtu kwamba katika mji huu ana baba.

Lakini namba ikishaingia mahali pasipo na namba, wengine wanajua kuisoma. Haukupita mwaka mfanyabiashara wa mbao alikwenda ofisini, akaonyesha kwamba ukanda umeanza kugawiwa, na mtu mwingine wa ofisi akamtilia sahihi. Mfanyabiashara akajenga ukuta wa mawe juu kabisa, karibu na kilele, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jeometre aliandika barua za kupinga. Alikwenda kusimama mbele ya mafundi kwa siku mbili, mpaka walinzi wakamwondoa. Masika yale hakulala, nadhani, kwa sababu tulimwona kila mvua akipanda na kushuka, akichungulia nyuma ya ukuta, akisikiliza. Alimwambia Mama Nabintu ahame kwa muda kwa padri. Yule mama alicheka, akasema baba yake anamhangaikia mno. Jeometre hakumwambia kwa nini. Nina hakika hakumwambia.

Ilikuwa alasiri, mimi nimerudi kutoka shule ya ualimu na bado nina sare. Mvua ilikuwa imekoma kwa muda wa nusu saa na jua limetoka. Tulisikia kishindo kama lori linalomwaga kokoto, halafu matope yakapita mbele ya ua wetu yakiwa na mawe ya ule ukuta ndani yake. Yalipita kwa haraka kuliko mtu anavyokimbia. Papa alinishika mkono nisitoke. Yalipotulia, nyumba ya mwisho haikuwepo. Mama Nabintu alikuwa sokoni na wadogo watatu. Nabintu alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya homa. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Walichimba mpaka jioni. Jeometre alichimba kwa mikono, bila koti, na viatu vyake vikabaki humo ndani ya matope. Papa alikuwa kando yake. Walipompata mtoto walimbeba pamoja.

Baada ya maziko Jeometre aliacha kazi na kuhama, safari hii nje ya mtaa wetu, huko Cimpunda. Mama Nabintu alipata chumba kwa jirani, akaendelea na biashara yake sokoni. Alisema ilikuwa mvua ya Mungu na ukuta wa tajiri. Jeometre hakumtaja kabisa katika lawama hizo. Kila Ijumaa aliuliza kama kuna anayekwenda upande wa Cimpunda, amchukulie baba yake sambaza. Mimi nilizichukua mara mbili, miaka ile, nikaziacha mlangoni pake bila kubisha. Papa alijua jinsi ile karatasi ilivyomfungulia njia mwenye ukuta, na mimi nilijua, na pengine watu wengine watatu. Papa alisema haitusaidii kitu kumwongezea mama wa watu maumivu. Alikufa akisema hivyo. Sikuwahi kumpinga, na sikuwahi kutulia.

Mwaka huu kaka yangu alileta fundi. Alisema ukanda hauna mtu, ukuta ulianguka, nyumba ilikwenda, na ofisini sasa kuna ramani nyingine ambayo ina namba kutoka juu mpaka chini. Majirani wawili wa upande wa pili nao walikuwa wamemwaga mchanga. Mimi ndiye niliyepinga, mwalimu wa jiografia ambaye hajajenga hata choo, kama kaka alivyonikumbusha mbele ya watu. Mkuu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu, alichoka na sisi. Alisema kama aliyechora mtaa bado yuko hai, aje mwenyewe aonyeshe mpaka.

Nilimkuta Cimpunda, kwa mtoto wa dada yake, katika nyumba iliyobanwa na nyingine pande zote hata usiweze kufungua dirisha. Alikuwa amezeeka kwa kukonda. Nyonga ilimsumbua, lakini alinipokea akiwa amesimama, ameshikilia fimbo, na hakuketi hata nilipoketi mimi. Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali lililokuwa mbali na ramani.

"Mama Nabintu bado iko kule?"

"Iko, muzee."

"Atakuwa pale siku ile?"

Nilimwambia mtaa wote utakuwepo. Akasema ataona. Nilirudi nikijua hatakuja.

Alikuja. Alhamisi, saa tatu asubuhi, alishuka kwenye pikipiki pale juu, akiwa na utepe wa kupimia na fungu la vigingi alivyochonga mwenyewe. Watu wapatao thelathini walikuwa wamekusanyika. Kaka yangu alimpa mkono bila kumtazama. Jeometre hakuomba ramani ya mtu yeyote. Alianzia kwenye kisiki cha kileleni, akaniambia nishike ncha ya utepe, tukaanza kushuka. Kila baada ya hatua thelathini alipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, na hakuna aliyebisha, hata pale kigingi kilipoingia katikati ya mchanga wa jirani. Kwetu kiliingia kando ya msingi ambao fundi alikuwa ameanza kuchimba. Kaka akamwambia fundi akusanye vyombo vyake.

Karibu na ziwa Jeometre alisimama. Mama Nabintu alikuwa amekuja kutoka sokoni, beseni kichwani. Alimwona, akalishusha, akaja na mikono miwili kumsalimia. Yeye hakuipokea.

"Mama, ngoja kwanza," alisema. "Hii nafasi haikukuwa ya nyumba. Tangu mwanzo ilikuwa ya maji. Mimi njo niliiandika namba. Yule wa ukuta alipitia mu mulango yenye mimi nilifungua."

Mama Nabintu alibaki na mikono yake mbele, halafu akaishusha.

"Ulijua siku ile," akauliza, "ama ulijua nyuma?"

"Siku ile."

"Na ile siku uliniambia niende kwa padri?"

"Nilijua. Nilikuwa na haya ya kukuambia sababu."

Hakulia. Aligeuka akatazama ziwa, na nikaona mgongo wake ukipanda na kushuka kama wa mtu aliyepanda mlima. Mkuu wa avenyu alianza kusema maneno ya kutuliza, akanyamazishwa na mwanamke mmoja kwa kumgusa tu mkono. Jeometre hakuomba msamaha. Nilimngojea aombe, nadhani sote tulimngojea, lakini alisimama tu na fimbo yake. Kisha akainama kuchukua kigingi cha mwisho, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, akakiweka mahali alipokadiria kwamba ndipo ulipokuwa ukuta wa nyumba ile. Aliinua jiwe kukipigilia.

"Haikukuwa pale," alisema Mama Nabintu.

Alikuja akasimama kati yetu. Alitazama chini, akavuka majani, akasogea hatua mbili kuelekea upande wetu, akaonyesha kwa mguu.

"Mulango ilikuwa hapa. Kitanda ya mutoto ilikuwa hapa, ku mukono ya kuume. Weye njo unajua kupima. Pima vizuri."

Jeometre aling'oa kigingi. Ilimchukua muda kufika pale palipokuwa kitanda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mama Nabintu alipiga magoti, akakishika kigingi wima kwa mikono yake miwili, naye Jeometre akapiga kwa jiwe.